Alama Chini ya Vioo

Klak.

Huo ndio mlio tulioachana nao wiki iliyopita, na Mpimaji alikuwa bado anausikia masikioni. Winchi alibonyeza kitasa cha mlango wake, kisha akanyoosha mkono wake mrefu mbele ya dada wa watu, akabonyeza na cha upande wa pili. Gari likaondoka.

Kwa aliyeazima gazeti akakuta ukurasa umekatwa, mambo yako hivi. Kazi ya Mpimaji ni kupima ajali. Magari yakigongana, yeye hufika na mashine yake ya leza, akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akaichora barabara nzima kwenye kompyuta: wapi breki zilikamatwa, wapi chuma kilikwaruza lami, nani alihama upande wake. Kwenye kona ya mteremko lori lilikuwa limegonga gari dogo, na wakili kijana aliyekuwa akiliendesha akafa. Dereva wa lori yuko mahabusu. Anaapa kwamba gari jingine lilitokea nyuma ya wakili likamsukumia mbele ya lori. Hakuna anayemwamini.

Ila Mpimaji alipopiga magoti kando ya lami, alikuta alama ya tairi kubwa lililopungukiwa jino moja, na vioo vya ajali vimetapakaa juu yake. Juu, si chini. Maana yake gari lenye tairi lile lilikuwa pale kabla ajali haijatokea.

Halafu gari lake mwenyewe likagoma kuwaka. Halafu Winchi, bwana wa bredauni anayekokota magari mabovu ya mji mzima, akatokea na kumpa lifti. Mpimaji alipokwisha kukaa akachungulia chini kupitia mlango ulio wazi, akaona udongo ambao gurudumu la mbele lilikuwa limetoka kuukanyaga.

Jino moja halipo.

Hapo ndipo klak ikalia.

"Mbona umenyamaza, dada?" Winchi akauliza.

"Nimechoka tu."

"Kazi yenu ngumu. Kutwa mmeinama kama mnatafuta sindano."

"Ndiyo."

"Na leo umeipata?"

Mpimaji akageuka. "Nimepata nini?"

"Sindano."

Mpimaji alicheka kicheko kikavu, akajifanya anapanga mashine yake mapajani. Mkono wake ulikuwa ukiitafuta simu mkobani pale simu yenyewe ilipoanza kuita.

"Pokea," Winchi akasema. "Watu wasije wakadhani nimekuteka."

Alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyu masikio yake yamepungua nguvu, na kwa kuwa yeye hasikii vizuri, huamini kwamba dunia nzima haisikii. Kila alichosema kilisikika gari zima.

"Mkwe wangu, ile sufuria kubwa umeiweka wapi?"

"Mama, niko na Winchi. Nimepanda gari la Winchi."

"Mpishi?"

"Winchi, mama. Yule wa bredauni. Mwanao akirudi mwambie niko naye."

"Mpishi wa nini tena nyumbani kwangu? Mimi mikono yangu imekatika?"

"Si mpishi, mama..."

"Akija na aje na sufuria yake, maana yangu siioni."

Simu ikakatika.

Winchi alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiwiko. "Mama mkwe?"

"Mama mkwe."

"Wangu alikuwa hivyo hivyo. Mungu amlaze pema."

Mpimaji akatazama nje. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba muuaji naye anaweza kuwa na mama mkwe, na kwamba anaweza kumkumbuka kwa upole.

Wakaifikia njia panda. Ofisi ilikuwa kushoto. Gari likaenda moja kwa moja.

"Tumepita njia," alisema.

"Najua."

"Ofisi yetu iko kule."

"Najua ilipo. Nimekuwa nikileta magari pale tangu wewe hujaajiriwa."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Yadi kwangu. Kuna kitu nataka ukione, halafu nitakurudisha mwenyewe."

"Nitakuja kukiona kesho."

"Kesho kinaweza kisiwepo."

Vidole vya Mpimaji vilikuwa tayari kwenye kitasa.

"Usiguse hicho," Winchi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Akautoa mkono. Barabara ilikuwa inateremka, gari linakimbia, na hata kama mlango ungefunguka angeanguka kwenye lami. Yeye, kuliko mtu yeyote, alijua lami inavyomfanya binadamu.

Simu ikaita tena. Alipoliona jina, nusura alie kwa furaha.

Alikuwa Mwalimu.

Mwalimu ndiye mkuu wa kikosi chao cha kupima ajali, na wote humwita hivyo kwa sababu wote wamepita mikononi mwake. Siku ya kwanza Mpimaji alipotapika kando ya barabara mbele ya askari, ni Mwalimu aliyemshika bega na kumwambia kwamba hata yeye alitapika, tena juu ya viatu vya bosi wake. Mpimaji alifiwa na baba yake akiwa bado mdogo. Ukimuuliza baba yake anafananaje, jibu lililo moyoni mwake ni Mwalimu.

Na Mwalimu husema kwa sauti ya chini. Ya kwake haikusikika nje ya sikio.

"Umemaliza kule kwenye kona?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Sauti yako ina nini?"

Akamtupia Winchi jicho.

"Huwezi kusema?"

"Ndiyo."

"Basi nijibu ndiyo au hapana. Yuko mtu karibu?"

"Ndiyo."

"Yule wa bredauni?"

Moyo ukamruka. Mwalimu ni Mwalimu, hapitwi na kitu. "Ndiyo."

"Anakupeleka yadi kwake?"

"Ndiyo."

"Tulia, binti yangu. Usimpinge kwa lolote. Nakuja mwenyewe. Na usimpigie mtu mwingine yeyote, utaharibu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akairudisha simu mkobani.

"Nani?" Winchi akauliza.

"Mkuu wangu. Anauliza kama mashine iko salama."

Winchi akakanyaga mafuta, jicho kwenye kioo cha nyuma.

Yadi yenyewe ilikuwa uwanja wa vumbi na oili uliozungushiwa mabati, magari yaliyopondeka yamepangwa pembeni kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Winchi akaingiza gari, akashuka, akafunga geti kwa mnyororo.

Mpimaji akatumia nafasi hiyo. Kwenye mfuko wa vifaa alikuwa na nyundo, ile ya kupigilia misumari ya alama barabarani. Mlango wake ulipofunguliwa aliishika kwa mikono miwili juu ya kichwa.

"Rudi nyuma."

Winchi akarudi, viganja hewani. "Dada, weka hiyo nyundo. Au basi, ishike, lakini njoo nayo."

"Ulinifungia mlango."

"Kitasa kibovu. Mara mbili mlango umefunguka wenyewe kwenye kona, abiria wangu mmoja akabaki ananing'inia. Ndiyo maana nikakuambia usikiguse."

"Tairi lako lilikuwa kwenye ile kona kabla ya ajali."

Alitegemea akane. Alitegemea amrukie. Winchi akashusha mikono taratibu.

"Lilikuwepo," akasema. "Na mimi nilikuwepo."

Nyundo ikaanza kuwa nzito.

"Nilipigiwa simu," Winchi akaendelea. "Namba siijui, sauti siijui, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kitambaa. Akaniambia kuna gari dogo limekufa kwenye kona ya mteremko, nenda ukalitoe haraka, lisizibe njia. Nikaenda. Nafika, hakuna gari. Nikaegesha pembeni, nikazima injini, nikawa natukana moyoni. Halafu nikasikia kishindo."

Mpimaji akaishusha nyundo mpaka begani.

"Umenielewa, dada? Mtu alijua gari litakufa pale kabla halijafa. Alitaka mimi niliondoe mapema, nyinyi msikute cha kupima."

"Kwa nini hukusema polisi?"

"Twende kwanza uone. Maana leo nimekuona umepiga magoti pale kwenye vioo, nikajua umeliona tairi langu. Nikasema, huyu akiandika bila kuniuliza, mimi nimekwisha."

Gari la wakili lilikuwa nyuma ya kontena, limefunikwa turubai. Winchi akalivuta turubai. Mpimaji aliinama kwenye mlango wa abiria, na kwa kitambo kidogo woga ukamwachia, kwa sababu kazi ikamshika. Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umekatwa kwa kisu. Lakini kabla ya kukatwa ulikuwa umevutwa kwa nguvu kubwa, mpaka nyuzi zimeng'aa na plastiki ya kupitishia mkanda imeyeyuka kidogo. Mkanda mtupu haufanyi hivyo. Mkanda hufanya hivyo ukishika mwili.

"Kulikuwa na mtu hapa," alisema polepole.

"Kulikuwa."

"Taarifa inasema wakili alikuwa peke yake."

"Mkanda nimeukata mimi," Winchi akasema. "Njoo."

Nyuma ya kijiofisi chake kulikuwa na chumba cha kuwekea spea. Katikati ya mabomba na betri za zamani palitandikwa godoro, na juu ya godoro alilala mwanamke mmoja, uso umevimba, mguu wa kushoto umefungiwa mbao kuanzia goti mpaka kifundo.

Alipofungua macho na kumwona Mpimaji mlangoni, alijiburuza nyuma kwa viwiko mpaka akagota ukutani.

"Mtoe," alisema. "Mtoe huyo. Ni koti lile lile."

Mpimaji akajitazama. Alikuwa amevaa koti la kikosi, la njano lenye mistari ya kung'aa na nembo kifuani. Hulivaa kila siku mpaka husahau kwamba analo.

"Si yeye," Winchi akamtuliza. "Huyu ni mwanamke mwenzio, mtazame. Mwambie ulivyoniambia mimi."

Mpimaji akalivua koti, akalitupa nje, akachuchumaa. Nyundo aliiweka chini.

Yule mwanamke alikuwa kondakta wa basi. Si basi lolote, bali lile lililotumbukia mtoni mwaka uliopita na abiria wake. Yeye alipona. Kesi ikasema dereva wa basi alihama upande wake, dereva akafungwa. Kondakta alikuwa amesimama mlangoni siku ile na aliona kwa macho yake: basi lilikuwa upande wake, ni gari la mkubwa fulani lililowafuata uso kwa uso. Alikaa kimya kwa hofu. Mwishowe akamtafuta wakili, na wakili akawa anampeleka mahakamani kesi ifunguliwe upya.

"Hatukufika," alisema. "Gari lilitugonga nyuma, likatusukuma. Nikaona lori. Nilipozinduka, wakili amenilalia begani, simsikii akipumua. Halafu mwanamume akaja kwa miguu, polepole, kama anayeangalia nyumba ya kupanga. Uso sikuuona, nilifumba macho nikajifanya maiti. Niliona koti kwanza. Akaweka vidole shingoni kwa wakili. Akaja kwangu akaweka vidole. Sijui Mungu aliuficha wapi mshipa wangu. Ndipo injini ya huyu kaka ikawaka, naye akaondoka."

"Nikamkata mkanda, nikamlaza kwenye gari langu," Winchi akadakia. "Dada yangu muuguzi ndiye aliyemfunga huo mguu. Hospitali nitampelekaje? Mwenye koti akisikia kuna majeruhi, si atakuja kumalizia?"

Mpimaji alikuwa na swali moja, na alikuwa anaogopa kuliuliza.

"Ile kesi ya basi. Mlisema nini kuhusu mchoro wa ajali?"

"Ndio wenyewe uliomfunga dereva," Kondakta akasema. "Mchoro ni wa uongo. Wakili alisema aliyeuchora alilichukua basi akaliweka upande mwingine wa barabara, kama mtoto anavyohamisha kichezeo. Alisema tukifika mahakamani, mchoraji ndiye wa kwanza kuulizwa."

Mchoro ule Mpimaji aliujua. Ulikuwa umetundikwa ukutani ofisini kwao, ndani ya fremu, na kila mwanafunzi mpya husimamishwa mbele yake aonyeshwe kazi safi inafananaje. Sahihi iliyo chini ilikuwa moja tu.

Alikaa kitako sakafuni.

Kisha maneno ya simuni yakamrudia moja baada ya jingine. *Yule wa bredauni?* Nani alimwambia ni wa bredauni? *Anakupeleka yadi kwake?* Nani alimtajia yadi? Yeye alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akidhani anaokolewa. Kumbe alikuwa anajibu maswali ya mtu anayetafuta maiti yake iliyopotea.

"Winchi," alisema, "washa gari. Tumbebe tuondoke sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Nimemwambia tuko hapa."

"Umemwambia nani?"

Honi ikalia getini. Mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Hawakuwa na njia nyingine ya kutokea. Mpimaji akamshika Kondakta mkono. "Chochote utakachosikia, usikohoe." Winchi akafunga mlango wa chumba, akaviringisha tairi la lori akaliegemeza juu yake, kisha akaenda kufungua geti kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupigwa sindano.

Mwalimu aliingia peke yake. Hakuja na askari hata mmoja. Alikuwa na tabasamu lake lile lile, na miwani yake ile ile puani, na alipomwona Mpimaji akafungua mikono.

"Binti yangu, umenitisha."

Mpimaji akakumbatiwa. Vidole vya Mwalimu vilimgusa shingoni, na mwili wote ukamsisimka. Lakini uso akauweka sawa.

"Nilijitisha bure, Mwalimu. Gari langu limegoma, huyu bwana akabadili njia bila kuniambia, nikadhani vibaya. Kumbe anapitia betri aje aniwashie."

Winchi hakuchelewa. "Betri ndiyo hii hapa, mzee," akasema, akiinua moja kutoka kwenye rundo. "Wanawake wasomi hawa, ukikata kona bila kuwaaga, umeshakuwa jambazi."

Mwalimu akacheka. Winchi akacheka. Mpimaji naye akacheka, na akashangaa kusikia kicheko chake kimefanana na kicheko.

"Basi panda kwangu nikurudishe," Mwalimu akasema. "Gari lako tutalifuata baadaye."

Kupanda naye peke yake. Mpimaji alilipima jambo hilo kwa sekunde moja. Kama akienda, Mwalimu atatoka humu, na Winchi atapata nafasi ya kumtorosha yule mwenye mguu uliovunjika. Akaokota koti lake, akaubeba mfuko wa mashine.

"Twende, Mwalimu."

Wakatembea kuelekea getini. Geti likakaribia. Mpimaji akaanza kuamini.

Mwalimu akasimama.

Alikuwa ametazama chini. Akaivuta suruali yake juu ya magoti kwa uangalifu, kama anavyofanya siku zote kwenye ajali ili isichafuke, akachuchumaa. Na Mpimaji akaona anachokiona.

Uwanja ule ulikuwa na vumbi laini lililochanganyika na oili, na vumbi hilo lilikuwa limeandika. Kutoka bombani mpaka kwenye kijiofisi zilipita nyayo za ndala ndogo. Unyayo wa kulia ulikuwa mzima kila mahali. Wa kushoto ulikuwa mstari mrefu uliokokotwa. Kondakta alikuwa ameamka asubuhi kwenda kunawa.

Mwalimu aliufuata mstari kwa kidole bila kuugusa. Aliwafundisha hivyo: usiguse, soma kwanza.

"Mmoja wenu anachechemea," alisema.

Winchi akaihamishia betri mkono wa pili.

"Mimi, mzee," Winchi akasema. "Jana chuma kiliniangukia mguuni."

"Pole sana." Mwalimu akasimama, akapangusa viganja. Kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka, akalisukuma geti likajifunga. "Hebu tembea kidogo nikuone."

Mpimaji alitaka kumpa Winchi ishara. Jicho tu lingetosha, au kidole kwenye mguu unaotakiwa. Lakini Mwalimu hakuwa akimtazama Winchi. Alikuwa amemgeukia yeye, anamsoma usoni kwa utulivu kama anavyosoma barabara, na Mpimaji hakuthubutu kupepesa.

Winchi akaiweka betri chini. Akakunja uso kwa maumivu, vizuri kabisa, kama mtu ambaye kweli ameumia. Akashika paja lake na kupiga hatua.

Mguu aliouburuta ulikuwa wa kulia.